Kisiki cha Mbuni

Naishi Kahawa, mtaa ambao kahawa
imebaki kwenye bango la steji.
Tingatinga lilipong'oa mistari ya mwisho
kupisha ghorofa nane za vigae vya kijivu,
nilimpa Barasa mlinzi shilingi mia
nikachagua kisiki kama anayechagua mbuzi:
nikagonga, nikanusa, nikatia ukucha.
Ukucha ukizama, mti umeoza, uache.
Huu ulikataa ukucha.

Miezi mitatu juu ya paa, chini ya kamba za nguo,
mpaka utomvu ukasahau kwao.
Kisha gome. Usibakize hata kipande;
gome huoza majini
na uozo wake huwa mzigo wa samaki.
Nilikwangua kwa kisu cha mkate,
nikamalizia kwa brashi ya waya,
vumbi jekundu likashuka hadi kwa Mama Bosibori
akapanda ngazi na upawa mkononi
kuuliza nani ananyoa mti.

Maji yetu huja Jumanne usiku na Ijumaa,
yakipenda.
Nilikinga mapipa mawili, nikaazima
sufuria ya matanga kule kanisani,
nikachemsha kisiki saa nne.
Jiko halikunuka kahawa. Lilinuka gunia
lililonyeshewa likasahauliwa nje.
Maji ya kwanza, meusi, strungi ya mjengo. Nikamwaga.
Ya pili, hudhurungi. Nikamwaga.
Ya tatu,
Kithinji aliutikisa mtungi wa gesi,
akaurudisha chini polepole,
hakusema kitu.

Lakini kuna jambo lilinikosesha usingizi.
Mibuni ile ilipuliziwa dawa ya shaba, ile ya buluu,
miaka nenda miaka rudi.
Mama alirudi nayo nyumbani
kwenye pindo la leso, kwenye kunyanzi za shingo,
tukamsugua mgongo kwa gunzi.
Shaba haina haraka. Hukaa ndani ya mti
ikingoja kiumbe chenye damu ndogo.

Basi nikaloweka upya, wiki sita, ndoo kubwa,
jiwe la kusagia juu yake,
maana mti mkavu hujiona mashua.
Kila asubuhi nikiondoa jiwe, unaibuka.
Narudisha jiwe. Naenda kazini.
Nikatumbukiza konokono mmoja awe mwonjaji.
Siku ya nne alikuwa amejifunga, mlango ndani.
Nililia, ndiyo, konokono,
nikabadilisha maji yote, hata ya kufulia.
Wa pili alikaa. Akapanda ukuta wa ndoo,
akataga.

Mama alikuja Jumapili hiyo, macho yake hafifu,
akaketi kwenye kigoda kando ya ndoo
akaingiza mikono hadi viwiko.
Nilidhani ananawa.
Vidole vikatembea juu ya makovu ya kupogoa,
vikarudi, vikatembea tena.
"Huu ulipogolewa na mtu wa mkono wa kushoto."
Nikacheka.
"Kata inaegemea huku. Wetu wote tulikata kule.
Huu ni mstari wa Wamaitha.
Bado ana debe langu moja."

Sasa kisiki kiko tangini, kimezama chenyewe
usiku ambao sikuwa nikiangalia.
Kilifuga ndevu nyeupe, za utelezi;
nilitaka kukitoa, nikasubiri,
samaki wakazila zote kwa siku tisa.
Maji yamebaki rangi ya chai nyepesi.
Wageni huniuliza kama nimesahau kuyasafisha.

Mama haangalii samaki.
Huniomba nigeuze kigoda
kuelekea upande wenye makovu.
Nikamweleza kwamba kuna mmoja, mwekundu mkiani,
amepata shimo chini ya kovu kubwa,
analilinda, anawafukuza wenzake.
Akafikiri kidogo.
"Mwambie huyo,
kama amehamia kwa Wamaitha,
deni ni lake."